Mstari Chini ya Mguu wa Mrushaji

Katika viwanja vya shule na vichochoro vya Jiji la Arusha, kama ilivyo katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, rede huchezwa zaidi na wasichana: warushaji wawili husimama wakitazamana, kila mmoja nyuma ya mstari wake, wakimlenga kwa mpira wa soksi kuukuu mwenzao aliye katikati, ambaye hukwepa huku akijaza mchanga katika chupa. Mchezo huo, unaoitwa kati nchini Kenya na kwepena nchini Uganda, umesimama juu ya swali lililoisumbua besiboli ya Marekani kwa karibu miaka 40, nalo ni mrushaji aruhusiwe kusogea hadi wapi.

Sheria za mwaka 1857 ziliweka mstari wa mrushaji futi 45, yaani takribani meta 13.7, kutoka kwa mpigaji, lakini kwa kuwa warushaji walijipatia nguvu kwa kukimbia kabla ya kurusha, mwaka 1863 walifungiwa ndani ya eneo lililochorwa chini. Mwaka 1881 eneo hilo lilirudishwa nyuma hadi futi 50, na mwaka 1893 likaondolewa kabisa, badala yake kikawekwa kibao ambacho mguu wa mrushaji haukuruhusiwa kukiacha, futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji. Wengi hudhani kwamba mrushaji alisogezwa nyuma zaidi ya futi 10, ilhali tangu 1887 mguu wake wa nyuma ulilazimika kuanzia kwenye mstari wa nyuma wa eneo, futi 55 na nusu, hivyo nyongeza halisi ilikuwa futi 5 tu. Softiboli, iliyozaliwa Chicago mwaka 1887 na ambamo mkono hurusha kwa kupita chini ya kiuno, ilibaki na umbali mfupi, ambao kwa wanawake sasa ni meta 13.11.

Nchini Tanzania besiboli ilipata uwanja wake kwa msaada wa Wajapani, katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, mwaka 2018. Mpigaji naye hufungwa na mistari ya chokaa, ambayo wajanja huifuta kwa viatu ili wasimame nyuma zaidi kuliko sheria inavyoruhusu. Katika rede, ambayo haina mwamuzi wala kibao, mstari uliochorwa kwa kijiti katika vumbi jepesi la Meru hufutwa na miguu ileile unayoizuia, na ubishi juu ya mahali ulipokuwa huamuliwa na wachezaji wenyewe kabla mpira haujarushwa tena.