Mbung'o wa Tanga na panya wa Marekani

Wiki hii tumesomeshwa jeni mpaka kichwa kinawaka moto, nikaona niwaletee stori ya sayansi ambayo nusu yake imetokea hapa hapa kwetu.

Sisi watu wa Mitwero mbung'o tunamjua, hasa ukisafiri kuelekea Liwale. Unguja naye alikuwepo, anawaumiza ng'ombe kwa nagana. Dawa zilimpunguza tu. Basi kati ya 1994 na 1997 taasisi ya utafiti wa mbung'o ya Tanga ikazalisha madume kwa mamilioni, ikawapiga mionzi ya gama, ndege ikawa inawamwaga kisiwani. Mionzi ile huvunja kromosomu ndani ya mbegu. Dume anabaki anaruka, anampanda jike kama kawaida, ila mimba haikui. Na jike wa mbung'o huzaa buu mmoja mmoja, mara nyingi kwa mbegu za dume wa kwanza, kwa hiyo akishapata bomu ndo basi tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Kazi safi!

Sasa twende kwa panya. Mtafiti akitaka kujua jeni fulani ina kazi gani, anaiondoa. Mkasi maarufu ni Cre, kimeng'enya kutoka P1, kirusi kinachoshambulia bakteria. Kinatafuta alama ya herufi 34 za DNA iitwayo loxP, kinakata na kuunga hapo. Panya hana loxP mpaka umpandikizie, kwa hiyo watu wakalala usingizi.

Mwaka 2000 Edward Schmidt na wenzake, huko Marekani, wakatoa matokeo ya panya waliowekewa Cre ifanye kazi kwenye mbegu za kiume zinapokomaa. loxP hawakuwa nayo hata moja. Madume wote tasa! Mbegu zipo, zinaogelea, yai linarutubishwa, halafu kiinitete kinafia pale kwenye chembe mbili hivi. Kumbe Cre ilikuwa inakata hata pasipo na alama, kromosomu zikaungana hovyo.

Yaani kile Tanga walichokitafuta kwa mionzi, hawa walikipata bila kukiomba.

Na utasa angalau unaonekana. Je, umeondoa jeni ya moyo, panya akaugua, utajuaje kama ni jeni au ni mkasi? Dawa yake ni panya wa kulinganisha, mwenye Cre bila loxP. Wapo wanaoiruka hatua hiyo. Mimi tafiti za namna hiyo nazisoma jicho moja nimefumba. Wa Bayolojia mnasemaje?