Al-Karaji na Uthibitisho Unaotutoa Jasho Chuoni



Muulize kaka au dada yako aliyeanza hisabati chuo kikuu kuhusu indaksheni, umuone atakavyokunja uso. Wengi wetu vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe tulimaliza KCSE bila kukutana nayo. Ghafla mhadhiri anaandika ubaoni: "Tuchukulie ni kweli kwa k." Hapo swali linazuka: mbona tunachukulia lile lile tunalotakiwa kulithibitisha? Si ujanja huo?

Hebu twende Baghdad, karibu mwaka 1010. Al-Karaji, katika kitabu chake al-Fakhri, alitaka kuonyesha kwamba ukijumlisha vipeo vya tatu vya namba 1 hadi 10, utapata sawasawa na mraba wa jumla ya namba hizo. Akachukua mraba wenye upande wa 1 + 2 + ... + 10, yaani 55. Kwenye pande mbili zinazokutana akakata ukanda wa upana wa 10, kama herufi L. Eneo lake ni 10 × 45 mara mbili, na 100 za pembeni: jumla 1,000. Nayo 1,000 ndiyo 10 × 10 × 10! Umebaki mraba wa upande wa 45. Kata ukanda wa 9, utapata 729, ambayo ni 9 × 9 × 9. Endelea hivyo mpaka ubaki na 1.

Karne moja na ushei baadaye akaja al-Samaw'al, mzaliwa wa Baghdad wa familia ya Kiyahudi, aliyesilimu mwaka 1163. Aliandika al-Bahir akiwa na miaka 19 tu, na humo akahifadhi kazi za al-Karaji ambazo nakala zake za asili zimepotea. Miaka 19, jamani!

Lakini tuseme haki. Sisi hupenda kuandika ati Waislamu waligundua kila kitu. Al-Karaji alishughulika na 10, tena alishuka kwenda 1. Hakutaja kanuni ya namba zote. Aliyeieleza wazi ni Mfaransa Pascal, mwaka 1654. Sifa ya al-Karaji yatosha bila kuongezewa chumvi.

Sasa lile swali la ujanja. Fikiria sala ya Idi uwanjani, kipaza sauti kimezimika. Safu ya kwanza inamsikia imamu. Na kila safu ikisikia takbiri, huipaza kwa safu ya nyuma. Je, safu ya mwisho itasikia? Itasikia. Lakini hakuna aliyedai kwamba safu ya 40 imeshasikia. Tumesema *ikisikia*, ya 41 itasikia. Ndiyo maana ya "tuchukulie".

Basi ukiandika, anza na namba 1, uihakikishe. Kisha chukulia k, utoke nayo hadi k + 1, na uonyeshe pale ulipoitumia ile dhana. Hapo ndipo wengi hupoteza alama: wanaiandika halafu hawaigusi tena.

Jaribu kupanda badala ya kushuka. Jumla ya 1 hadi 10 ilitupa 3,025. Ongeza ukanda wa 11: 11 × 55 mara mbili, na 121, ni 1,331, yaani 11 × 11 × 11. Jumla 4,356. Na upande mpya ni 66. Zidisha 66 kwa 66 uone.