Kifuniko cha Bori: Kinga ya Moto wa Kiko na Jina Lake

Kifuniko cha bori ni kipande chembamba cha metali, aghalabu shaba, fedha au bati gumu, kinachokaa juu ya mdomo wa bori la kiko ili kuukinga moto wa tumbaku. Kazi zake ni tatu: kuzuia upepo usiuchochee moto kupita kiasi, kuzuia mvua isiuzime, na kuzuia cheche na majivu yasiruke nje. Kifuniko hicho hutobolewa matundu, kwa sababu hewa inayoulisha moto wa kiko huingilia juu. Hufunika, lakini hakizibi. Sifa hiyo ndiyo inayokitofautisha na vifuniko vingine vingi, na ndiyo inayopaswa kuongoza uteuzi wa jina lake kwa Kiswahili.

Maelezo ya kifaa hiki yanaanzia kwenye sehemu za kiko, ambazo Kiswahili kina majina yake tangu zamani. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inazitaja zote. Kiko cha jadi cha pwani kilikuwa na bori, yaani kikombe kidogo, kwa kawaida cha udongo, kinachobeba tumbaku na moto. Kutoka kwenye bori ulishuka mrija uitwao digali, ukaingia katika kifuu cha nazi au kibuyu kidogo chenye maji. Kifuu au kibuyu hicho ndicho kilichoitwa kiko hasa. Humo ukatoka mrija mwingine, shilamu, ulioupeleka moshi mdomoni mwa mvutaji. Mlio wa maji yakibubujika moshi unapopita nao ulikuwa na jina lake: malio ya kiko.

Baada ya muda jina la kile chombo cha maji likakienea kifaa kizima, na leo kiko ni hata kile cha mbao cha Kizungu kisicho na tone la maji. Pamoja na hayo, majina ya sehemu yanahamishika bila taabu. Katika kiko cha mbao, bori ni kile kikombe kinachoshindiliwa tumbaku, digali ni shingo inayochomoza ubavuni mwa bori, na shilamu ni kipande kinachoshikwa kwa meno. Tundu jembamba hutoboa digali na shilamu na kufunguka ndani ya bori karibu kabisa na kitako. Hilo ni tundu la moshi.

Mvutaji anapovuta, hewa huingia kupitia mdomo wa bori, hupenya kwenye tumbaku inayowaka, kisha moshi hushuka hadi kitakoni na kutoka kwa tundu la moshi. Moto hukolea kila anapovuta na hufifia anapopumzika. Mahali palipotulia, mwendo wa moto humtegemea mvutaji peke yake. Upepo unapopuliza juu ya bori lililo wazi, tumbaku hupata hewa bila kukoma, hata wakati ambapo hakuna anayevuta. Moto hukimbia, moshi huwa mkali na kuuchoma ulimi, na bori hupata joto lisiloshikika mkononi. Ukingo wa bori la mbao huungua ukawa mweusi. Na mtindo huo ukizoeleka, ubavu wa bori waweza kutoboka kabisa. Hayo ni madhara ya chombo. Madhara kwa walio jirani ni makubwa zaidi, maana cheche moja ikiangukia nyasi kavu, majani ya msituni au nyasi za zizini inatosha kuanzisha moto.

Ukubwa wa matundu ya kifuniko unahitaji hesabu. Tundu la moshi katika viko vingi vya mbao lina kipenyo cha milimita 3.5 hadi 4. Eneo la matundu yote ya kifuniko likijumlishwa lisiwe dogo kuliko eneo la tundu hilo, la sivyo mvutaji atavuta kwa nguvu na moto utakosa hewa. Matundu 4 yenye kipenyo cha milimita 2 kila moja yana eneo sawasawa na tundu 1 la milimita 4. Hata hivyo hewa hupita kwa shida zaidi katika matundu mengi madogo kuliko katika tundu moja pana, na majivu nayo huziba baadhi yake. Kwa hiyo mafundi huongeza idadi, au huacha nafasi nyembamba za mstari ubavuni mwa kifuniko. Matundu ya ubavuni yana faida nyingine: mvua inayodondoka wima haiyafikii kwa urahisi.

Kwa namna vinavyoshikamana na bori, vifuniko ni vya aina mbili kuu. Cha kwanza ni kifuniko cha bawaba. Pete ya metali huvishwa ukingoni mwa bori na kukazwa isitoke. Kifuniko huungwa kwenye pete hiyo kwa bawaba ndogo upande mmoja, na upande wa pili huwa na kishikizo cha kukifunga. Hiki ni sehemu ya kiko chenyewe, na fundi hukitengeneza kwa kipimo cha bori moja. Cha pili ni kifuniko cha kubana. Chenyewe hakijaunganishwa na bori. Kina vidole vya metali vinavyonesa, ambavyo hujitanua ndani ya mdomo wa bori au huukumbatia ukingo kwa nje. Mvutaji hukivua na kukipachika apendavyo, na anaweza kukihamishia kwenye kiko kingine chenye mdomo wa kipimo hichohicho. Kasoro yake ni mikwaruzo: vidole vya metali hukwangua mbao kila kinapochomekwa, na kisipoenea vizuri hudondoka mvutaji akiinama.

Umbo nalo hutofautiana. Kipo kilicho bapa kama sarafu, kipo chenye kuba, na kipo kilichopandishwa ngazi kama mnara mdogo. Kuba si pambo tu: huacha nafasi kati ya metali na tumbaku, ambayo huvimba na kupanda inapoanza kushika moto.

Historia ya kifaa hiki ni ya Ulaya zaidi kuliko mahali pengine. Uholanzi, ambako viko vyembamba vya udongo vilitumika sana, mafundi wa fedha na shaba walitengeneza vifuniko vidogo vyenye matundu vya kuvishwa juu ya bori, mara nyingi vikiwa na mkufu mwembamba wa kuvizuia visipotee. Waholanzi walikiita pijpendop, na vile vya fedha sasa hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Katika nchi za Wajerumani na Hungaria, kifuniko kilikuwa karibu sehemu ya lazima ya kiko. Mji wa Ulm ulipata sifa katika karne ya 18 kwa mabori ya mbao yenye mafundo, yaliyofungwa pete na vifuniko vya fedha. Debrecen ya Hungaria na mji wa migodi wa Banská Štiavnica, ulioko Slovakia ya leo, ilijulikana kwa mabori ya udongo ambayo mara nyingi yalivishwa vifuniko vya metali.

Katika nchi hizo moto ulikuwa hofu ya kila siku. Nyumba, mazizi na maghala vilijengwa kwa mbao, na kiko kilicho wazi kilitazamwa kama hatari inayotembea. Mjini Berlin kuvuta tumbaku mitaani kulipigwa marufuku hadi mapinduzi ya mwaka 1848, na ruhusa ya kuvuta hadharani ilikuwa mojawapo ya mambo ambayo wananchi waliyapata katika machafuko hayo.

Vifuniko vilivyopambwa kuliko vyote vilitokea baadaye, katika jeshi la Ujerumani kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwaka 1914. Askari aliyemaliza muda wake wa utumishi alijinunulia kiko cha ukumbusho. Bori lake refu lilikuwa la kauri, limechorwa picha za kambi na kuandikwa jina la askari, kikosi chake na miaka aliyotumikia. Juu yake kilikaa kifuniko cha bawaba chenye umbo la kofia ya chuma au sanamu ndogo ya askari. Kiko cha namna hiyo kilitundikwa ukutani zaidi kuliko kuvutwa, na hapo kifuniko kilikuwa kimegeuka kutoka kinga na kuwa nembo.

Mazoea hayo yameacha alama katika lugha. Kwa Kijerumani kifuniko cha kiko ni Pfeifendeckel. Askari wa zamani walilitumia jina hilo kumtania mtumishi wa ofisa, na watu wa kusini mwa nchi wangali wakilitamka kama jibu la kukataa, kwa maana ya «thubutu!» au «usahau!». Kifaa kilichokuwa mikononi mwa watu kila siku kilipata maisha ya pili katika misemo yao.

Matumizi sahihi ya kifuniko hayana ugumu. Tumbaku hushindiliwa na kuwashwa bori likiwa wazi. Majivu ya juu yakishatandaa, hugandamizwa taratibu, ndipo kifuniko kinapofungwa. Mvutaji hukifungua tena kila anapotaka kugandamiza majivu au kuwasha upya. Metali hupata moto upesi, kwa hiyo vidole vishike kishikizo wala si kuba. Baada ya kuvuta, bori lisiachwe limefunikwa: unyevu uliobaki hunaswa ndani, mbao hukawia kukauka na kiko huanza kunuka. Matundu yasafishwe kwa kijiti, na bawaba ifutwe masizi yanayoganda na kuifanya ikwame.

Kifuniko kina mipaka yake pia. Huzuia cheche, lakini moto wenyewe ungali unawaka chini yake. Hivyo hakimpi mtu ruhusa ya kuvuta karibu na petroli au gesi. Wala hakipunguzi hata chembe ya sumu ya moshi. Uvutaji wa kiko husababisha saratani ya mdomo, koo na mapafu, bori liwe limefunikwa au wazi. Kinga inayotajwa katika maelezo ya kifaa hiki ni ya moto na chombo, si ya afya.

Baada ya kufahamika kwa kifaa, jina lake linaweza kupimwa. Kiingereza hukiita wind cap, na tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa «kofia ya upepo». Muundo huo hauna kosa la sarufi, kwani Kiswahili kina koti la mvua na miwani ya jua. Udhaifu wake ni kwamba hautaji kinachofunikwa, hivyo msikilizaji atafikiri ni kofia inayovaliwa kichwani wakati wa upepo. Pia unataja kazi moja tu kati ya tatu.

«Kizibo» hakifai kabisa. Kuziba ni kuzuia kitu kisipite, kama kizibo kinavyofanya kwenye shingo ya chupa, na bori lililozibwa huzimika. «Kawa» linavutia, kwa kuwa kawa ya ukindu hukinga chakula bila kukifungia hewa. Ila neno hilo limefungamana na mezani na ususi kiasi kwamba kulihamishia kwenye metali na moto kungeleta utata. «Kifuniko cha kiko» kinaeleweka, lakini hakisemi ni sehemu gani ya kiko inayofunikwa, nacho chaweza kuchukuliwa kuwa mfuko au kasha la kuhifadhia kiko kizima.

Linalobaki ni «kifuniko cha bori». Linafuata njia ya kifuniko cha sufuria na kifuniko cha birika, ambapo neno la pili hutaja chombo kinachofunikwa. Kitenzi kufunika hakidai kuziba, kwa hiyo matundu hayapingani na jina. Bori ni neno la Kiswahili lililomo kamusini, na kulirudisha katika matumizi ni bora kuliko kubuni jipya au kukopa. Kwa msomaji asiyelijua, maelezo mafupi mara ya kwanza yanatosha. Wingi wake ni vifuniko vya mabori. Aina zake hutajwa kwa kuongeza sifa: kifuniko cha bori cha bawaba, na kifuniko cha bori cha kubana. Kile kisicho na matundu, kinachotumika kuunyima moto hewa, kiitwe kizimio cha bori, ili vifaa viwili vyenye kazi zinazopingana visichanganywe.

Jina hilo lina nafasi ya kutumika Afrika Mashariki. Sinya, katika wilaya ya Longido karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya, kuna sepioliti (meerschaum), jiwe jeupe jepesi linalostahimili moto na linalochongwa mabori. Katikati ya karne ya 20 kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ililitumia jiwe hilo la bonde la Amboseli kutengeneza viko vilivyouzwa ng'ambo vikiwa na chapa ya tembo na jina la Kiswahili, Kiko. Katika shisha vilevile, kifuniko cha metali chenye matundu huwekwa juu ya makaa kuyakinga na upepo. Huko nako kinachofunikwa ni bori, na istilahi ni ileile.

Kwa ajili ya kamusi, maana yaweza kuandikwa hivi: kifuniko cha bori, nomino, wingi vifuniko vya mabori: kifuniko cha metali chenye matundu kinachowekwa juu ya bori la kiko au shisha ili kuukinga moto dhidi ya upepo na mvua na kuzuia cheche na majivu, bila kuzuia hewa kuingia.