Kujitambulisha kwa wenzako: lipi useme, lipi ubaki nalo

Wasikilizaji wetu wengi wa Arash na vijiji vya jirani sasa wamo kwenye makundi ya simu: la ukoo, la kwaya, la waliosoma pamoja, la wafanyabiashara wa mnadani. Humo kuna mchezo unaopendwa sana. Mtu anaandika, "Kila mmoja ataje mambo matano ambayo hatuyajui kumhusu." Mmoja anasema hajawahi kula samaki. Mwingine anasema anamwogopa kinyonga kuliko simba. Watu wanacheka na wanazoeana.

Mchezo huu una faida, lakini una upande wa pili ambao ni vizuri kuujua. Katika makala haya tunaeleza desturi ya kujieleza ilivyo kwetu, imebadilikaje kwa simu, na mambo gani madogo kumhusu mtu hayafai kusemwa mbele ya kila mtu.

Kula habari

Kujieleza kwa mwenzako hakukuletwa na simu. Wamaasai wawili wakikutana njiani hawaishii kwenye "Sopa" na "Ipa". Hukaa na kubadilishana ilomon, yaani habari: umetoka wapi, mvua imenyesha wapi, mifugo ikoje, nani anaumwa. Desturi hii huitwa kula habari. Mmoja anaeleza, mwenzake anaitikia, kisha zamu inageuka.

Katika mazungumzo hayo mtu hujulikana kwa mambo kadhaa. Kuna olosho: katika Loliondo wapo Wapurko, Waloita na Walaitayok. Kuna ukoo, kama Laiser, Molelian, Makesen, Taarosero au Lukumai. Na kuna rika, kama Makaa, Landisi au Korianga. Kwa hayo matatu tu, wageni wawili wanaweza kugundua kuwa ni ndugu, na mmoja akalala kwa mwenzake usiku huo.

Yapo pia majina yasiyo kwenye kitambulisho chochote. Mtu akimpa mwenzake ng'ombe, wanaweza kuitana Pakiteng tangu siku hiyo. Zawadi ikiwa kondoo, ni Paker. Ikiwa mbuzi, ni Pakine. Anayesikia jina hilo anajua kuna wema uliopita kati yao, bila kuelezwa zaidi.

Lakini desturi hiyohiyo ina mipaka yake. Wazee hawapendi mtu ahesabu watoto wake au ng'ombe wake na kutangaza idadi. Kuuliza "una ng'ombe wangapi?" ni kukosa adabu, na aghalabu jibu ni "wapo wa kutosha". Kwa hiyo ukarimu wa habari haukuwa na maana ya kusema kila kitu. Wazee walitenga ya kumwambia mgeni na ya kubaki bomani.

Kutoka kadi za salamu hadi simu

Redio nayo ilikuwa uwanja wa kujitambulisha. Wenye umri mkubwa wanakumbuka kadi za salamu zilizotumwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu alinunua kadi, akajaza majina ya anaowasalimu, akaipeleka posta, kisha akangoja wiki kadhaa asikie jina lake. Wengi walijipa majina ya utani, na wasikilizaji wa mikoa ya mbali waliwafahamu kwa majina hayo bila kuwaona kamwe. Palizaliwa hata vilabu vya watuma salamu.

Simu ilipoingia, urafiki wa mbali ukawa rahisi zaidi. Watafiti waliozungumza na Wamaasai wa ukanda wetu kuhusu simu waligundua jambo la kuvutia: namba iliyokosewa mara nyingine huzaa uhusiano wa kweli. Mtu anakosea tarakimu moja, anapokelewa na asiyemjua, na badala ya kukata wanasalimiana, wanaulizana ukoo na mahali, kisha wanaendelea kuwasiliana. Wengine wamepata habari za malisho, bei za mifugo na hata biashara kwa njia hiyo. Ni kula habari kulekule, ila sasa kunafanyika bila kuonana.

Tofauti ni kwamba njiani unamwona unayezungumza naye, unaona rika lake na unasikia Kimaasai chake. Kwenye simu, anayekuambia ni wa ukoo wako anaweza kuwa amesoma tu maneno yako kwenye kundi.

Kwa nini jambo dogo ni ufunguo

Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA. Fedha zetu za simu zimefungwa humo. Tuangalie basi mambo yanayotajwa kwenye michezo ya makundi.

Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeijua tarehe yako tayari anajua mwanzo wa namba yako. Aidha, wengi wetu tumeweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya fedha, kwa sababu una tarakimu nne na haisahauliki. Kama ni wewe, ibadilishe leo.

Jina la mama. Mtu anayetafuta namba yake ya NIDA mtandaoni huulizwa majina yake, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya mama yake. Swali la kundini, "mama yako anaitwa nani?", linaonekana la upendo, lakini jibu lake ni sehemu ya ufunguo huo.

Watoto na shule yao. Matapeli hupiga simu wakijifanya walimu: mtoto ameanguka shuleni, amekimbizwa hospitali, tuma hela ya matibabu haraka. Wakilijua jina la mtoto na la shule, mzazi hawezi kutulia akafikiri.

Mauzo ya mnadani. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaufahamu wote. Unamnasa hasa mtu aliyekuwa kweli anangoja kutuma fedha. Ukiandika kundini kuwa leo umeuza dume wawili na kesho unamlipa fundi, umempa tapeli saa ya kukutumia ujumbe huo.

Ukifikwa, fanya hivi

Kampuni ya simu ikitaka kuzungumza nawe hutumia namba 100 pekee. Anayepiga kwa namba ya kawaida na kusema yuko huduma kwa wateja, usimsikilize, na usitaje namba ya siri kwa yeyote.

Ujumbe wa kitapeli usambaze kwenda 15040, kisha utaulizwa namba iliyoutuma. Huduma hii iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Piga *106# ufuate maelekezo, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, toa taarifa kwa kampuni husika.

Fedha zikitumwa kimakosa, piga 100 mara moja, kisha nenda polisi.

Pia kumbuka ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa zako zikueleze zinazitaka kwa kazi gani, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Kwa hiyo anayekuja kijijini kuandikisha majina, namba za NIDA na simu, una haki ya kumuuliza: za nini?

Basi tuseme nini?

Hatusemi muache kuzoeana. Mambo ya kusimulia ni mengi: chakula usichokipenda, wimbo unaouimba ukichunga, safari yako ya kwanza kwenda Arusha, ndoto ya utotoni, ng'ombe aliyekupiga teke mbele ya wakwe. Hayo yanachekesha, yanafundisha, na hayafungui mlango wowote.

Kisha bakiza jambo moja ambalo familia yako peke yake inalijua. Linaweza kuwa rangi ya ndama aliyemlea mwanao, au jina la utani la bibi. Siku ikija simu ya namba ngeni, na sauti inalia, "Yeyo, ni mimi, nimepoteza simu, nitumie hela," mama atauliza swali hilo moja tu. Mtoto wake atalijibu kabla hajamaliza kuuliza, na tapeli atakata simu.