Leseni anayo, kazi ya kwanza je?

Jamaa yangu wa Bagamoyo, pale Tukuyu, kapata leseni ya kukadiria hasara za bima. Kazi ya kwanza ndo hana. Mimi mtu wa historia, nikamrudisha nyuma: baada ya Azimio la Arusha, 1967, biashara ya bima Bara yote ikawekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, NIC. Ukitaka kukagua magari yaliyogongwa, mlango ulikuwa mmoja tu. Sheria ya 1996 ikaruhusu kampuni binafsi, ya 2009 ikaleta TIRA, hao wanaotoa leseni. Sasa milango mingi, ila kila mmoja unaugonga mwenyewe! Kampuni ya bima ndiyo inayompa mkadiriaji faili la ajali, na jina lake hawalijui. Kesho anapanda Kosta kwenda Mbeya, barua sita mkononi.