Kuzijua Njia Bila Kuwajua Watu: Majeshi ya Kigeni katika Uzigua, 1889–1916

Insha hii inachunguza jinsi majeshi mawili ya kigeni, la Wajerumani (1889–1890) na la Waingereza (1916), yalivyowaelewa wenyeji wa Uzigua, yaani Handeni na sehemu za Korogwe, ambako Kwedizinga ipo. Hoja yake ni kwamba majeshi hayo yalitafuta kujua njia, maji, chakula na wapagazi, lakini hayakutafuta kujua mahusiano yaliyowawezesha watu kuishi. Gharama ya upungufu huo iliwaangukia zaidi wenyeji.

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliongoza askari Wasudani walioandikishwa Misri pamoja na Washangaani kutoka Msumbiji, watu wasiokuwa na udugu wala lugha moja na wenyeji. Wajerumani waliyaita mapambano ya Mrima uasi wa Waarabu wauza watumwa. Tafsiri hiyo haikutosha kumweleza Bwana Heri wa Saadani. Saadani iliposhambuliwa Juni 1889, alirudi bara kwa Wazigua, ambao aliunganishwa nao na biashara ya misafara na mapatano ya muda mrefu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, lakini Bwana Heri aliendelea kupigana hadi Aprili 1890. Vita vyake vilimalizwa kwa mapatano, naye akaruhusiwa kurejea Saadani. Kwa kufanya hivyo, Wissmann alikiri kwa vitendo kwamba nguvu ya mtu huyo ilikuwa watu wake, si ngome zake.

Funzo hilo halikudumu. Utawala uliofuata uliwatumia maakida, wengi wao watu wa pwani, hivyo bara likatazamwa kwa jicho la pwani. Ilhali *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi inasimulia jinsi Mbegha, mgeni kutoka Ungulu, alivyopokewa Usambaa kwa kuwa aliwaua nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia watu nyama. Katika simulizi hiyo, mgeni hupewa mamlaka baada ya kutambua shida ya mwenyeji na kuitatua.

Juni 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts liliteka Korogwe na Handeni, kisha likapigana mtoni Lukigura tarehe 24. Wajerumani walikuwa wamejenga reli nyepesi ya kusukumwa kwa mikono kutoka Mombo hadi Handeni. Waingereza nao walitegemea wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu wa jeshi. Kwa wanajeshi, pori hilo lilikuwa adui wa asili tu. Mwanahistoria James Giblin ameonyesha, hata hivyo, kwamba Wazigua walikuwa wakilidhibiti kwa kulima, kufyeka vichaka na kupanga makazi. Kazi hiyo ilihitaji watu na akiba ya chakula. Vijana walipochukuliwa upagazi na nafaka kutwaliwa, kinga hiyo ilizidi kudhoofika.

Kwa hiyo, mtafiti anayetegemea kumbukumbu za kijeshi pekee hurithi upofu wa walioziandika: humwona mpagazi kama idadi na pori kama kizuizi. Masimulizi ya wazee, majina ya mahali na historia za koo za Uzigua yanapaswa kusomwa sambamba nazo, kwa kuwa humo ndimo wenyeji wanaonekana kama watu wenye maarifa na maamuzi yao.