Makao ya Kioo Juu ya Bunduki

Mwindaji wa bata mzinga wa mwituni huko Marekani alitosheka kwa dahari na shanga moja ya shaba kwenye ncha ya kasiba, kwani bunduki ya marisau ilihesabiwa kuwa silaha ya kuelekezwa kwa haraka, wala si ya kulengwa kwa taamuli. Lakini ndege huyu hupigwa kichwani na shingoni, akiwa amesimama chini. Na mafundi walipozidi kuubana mdomo wa kasiba, hata marisau yakaenda yameshikamana, kosa dogo la jicho likawa ni kukosa kabisa, au, jambo la huzuni zaidi, kumjeruhi kiumbe bure.

Ndipo darubini ikatafutiwa makao. Wengine walifunga tandiko la chuma lililoshikwa na pini za kifyatulio, njia isiyohitaji kutoboa kitu, ila iliinua kioo mno, shavu likakosa pa kuegemea, na pini zikilegea shabaha hupotea. Waliotoboa matundu na kutia parafujo, kwa rai yangu, walitenda la busara zaidi. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilileta kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu. Mwaka 1995 jeshi la Marekani likasawazisha vipimo vya reli ya Picatinny, ya kufungia vioo juu ya silaha. Na leo vioo vidogo vya nukta hiyo hukaa chini kabisa, macho yote mawili ya mwindaji yakiwa wazi.